Mstari Mmoja Juu ya Mlinzi wa Kushoto

Coy Springs, Alabama
2 Mei 1994

Bwana Dabney Rusk,

Hunijui, lakini mimi nakujua tangu kijitabu chako cha kila Julai, *Nyigu Mwaka Huu*, kilipokuwa kurasa nane na picha zisizotambulika. Naitwa Ouida Crutcher. Nasimamia jiko la shule ya msingi hapa Coy Springs, na mwanangu ni Roydell Crutcher, namba sitini na sita wa Nyigu, timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo cha Tombeck.

Mwaka jana ulimpa mstari mmoja. Uliandika: "Crutcher, wa akiba. Mkubwa kama friji, na kama friji, kumsogeza kunataka watu wanne." Wanawake wa kanisani kwetu hukisoma kijitabu chako kwa sauti kwenye chakula cha Jumapili, na walipofika hapo wote wakanigeukia. Nilicheka nao. Nilipofika nyumbani nikalia. Kisha nikakaa nikawaza: kazi ya mlinzi wa mstari wa mbele si ndiyo hiyo, asisogezwe? Basi nikakusamehe nusu.

Nusu iliyobaki naidai mwaka huu. Yule kijana aliyekuwa mlinzi wa kushoto amemaliza chuo. Roydell amekaa benchi misimu mitatu, akaja kucheza mechi nne za mwisho Novemba, na mazoezi yote ya Aprili amesimama na kikosi cha kwanza. Huu ndio mwaka wake wa mwisho. Kijitabu kikitoka Julai nataka nimwone kwenye ukurasa wa wale wanaoanza, si kule nyuma kwenye majina ambayo hata makocha huyasahau.

Sikuombi umsifu. Nakuomba umtazame.

Ouida Crutcher


Tombeck, Alabama
9 Mei 1994

Bi Ouida,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Barua za mke wangu sikuwahi kuzisoma hata mara moja na nusu, labda ndiyo maana siku hizi anawaandikia watu wengine.

Nikupe hali ya Nyigu kabla ya wale wa kanisani kwenu hawajaipata. Mrushaji wetu mpya, Tipton Yancey, ana mkono wa ajabu. Taabu ni kwamba mpira ukishatoka mkononi mwake hakuna ajuaye unakwenda kwa nani, yeye mwenyewe akiwamo. Wakimbiaji wawili wametutoka: mmoja amehamia Georgia, mwingine amehamia kwa polisi. Mpiga teke amerudi, poleni. Tunaanza tarehe tatu Septemba nyumbani, na Novemba tunakwenda Marberry, ambako tunapigwa kila mwaka kwa adabu ileile. Kwa hiyo kila kitu kiko kwa wale watano wa ukuta wa mbele, wanaomkinga Yancey asivunjwe mbavu. Pengo katika ukuta huo ni moja, kushoto. Ni la mwanao, au ni la mtu mwingine.

Nani? Sijui. Kocha Moody amenifungia geti tangu nilipoandika kwamba maamuzi yake ya dakika za mwisho yanafanana na ya mtu anayemtafuta paka kwenye shamba la pamba. Mazoezi ya Aprili sikuyaona hata siku moja. Orodha ya kikosi sina. Miaka ishirini na saba nimeandika kijitabu hiki, na mwaka huu nabahatisha kama wanavyobahatisha kwa kinyozi. Washindani wangu wa Birmingham wameshatoa chao, cha rangi tupu.

Kwa hiyo nisaidie nikusaidie. Urefu na uzito wa Roydell kila mtu anao. Nipe kitu ambacho hakuna mwingine anacho. Nipe nyama, nami nitampa nusu ukurasa na picha.

Wako,
Dabney Rusk


Coy Springs
16 Mei 1994

Bwana Rusk,

Nusu ukurasa! Nilikaa kitako kwenye gunia la viazi pale jikoni.

Haya, nakupa, na hata dada yangu sijamwambia. Unakumbuka mechi ya Marberry, Novemba? Robo ya pili mtu wao mmoja alianguka juu ya goti la Roydell, la kulia. Aliinuka akacheza mpaka mwisho, akacheza tena mechi mbili baada ya hiyo. Ulimwona akichechemea? Hukumwona, wala kocha hakumwona. Mimi nilimwona, kwa sababu nilikuwa nimepanga chumba cha hoteli kulekule na akaja kwangu. Alikaa ukingoni mwa bafu, goti limekuwa kama tikiti maji. Nikachovya karatasi ya kahawia kwenye siki nikamfunga, kama bibi yangu alivyotufunga sisi. Hakulia. Mtu wa kilo mia na thelathini, ameng'ata taulo langu. Akasema, "Mama, ukimwambia kocha nitajua umenichoka." Nikamwapia.

Lakini niliapa juu ya kocha, Bwana Rusk. Juu yako sikuapa.

Disemba nilimpeleka kwa daktari wetu hapa. Akasema ni kano imevutika, apumzike wiki sita. Akapumzika wiki sita, likapona kabisa. Aprili yote hakukosa siku hata moja, na ngazi za uwanja anapanda kwa mbio. Sasa si siri tena, sasa ni sifa. Hapa kwetu mtu anayecheza na maumivu na asiseme, huyo ndiye mtu. Andika hilo, waliosoma habari ya friji walisome.

Kocha Moody naye akilisoma atajua ana mwanaume pale kushoto.

Ouida


Idara ya Michezo, Tombeck
19 Mei 1994

Dabney, mzee wangu,

Barua yako ya kuomba amani imenifikia. Mke wangu ameicheka, kwa hiyo nusu ya amani umeipata.

Unataka orodha. Ngoja nikueleze shida yangu kwanza. Mwaka jana tuliruhusiwa wachezaji themanini na wanane wanaosomeshwa na chuo. Mwaka huu themanini na watano. Watatu watoke kabla ya Agosti, na sitaki kuonekana nafukuza watoto wa watu, maana mama za wale ninaowatafuta mwakani wanasoma magazeti. Lakini mchezaji ambaye daktari amesema hatacheza tena, chuo kinaendelea kumsomesha na hahesabiwi. Mama anafurahi, kocha anafurahi. Wawili nimeshawapata: mmoja mgongo, mmoja kichwa. Wa tatu ananinyima usingizi.

Na nafasi naihitaji haraka. Kuna mlinzi anahamia kwetu kutoka chuo cha miaka miwili huko Texas, kwa hiyo hangoji mwaka, Brock Dunleavy, kilo mia na arobaini na tano, ana kisogo kama cha fahali. Huyo ndiye mlinzi wangu wa kushoto, hata kama bado sijamtangazia mtu.

Wewe husikia mengi kwenye vituo vya mafuta na vinyozi. Ukisikia mtu ana kitu kinachomuuma, nikumbuke. Geti ni langu, na kufuli ni langu.

Gaither Moody


Tombeck
23 Mei 1994

Kocha,

Nimeweka humu barua ya mama mmoja. Huenda haina maana yoyote. Utaona mwenyewe anasema wazi kwamba kijana alipona, na mama wa aina hii hawezi kudanganya hata akilipwa. Naituma uone tu Nyigu wametengenezwa kwa udongo gani.

Jina langu lisiingie. Na ukishaisoma, nirudishie.

Jumatano nitapita getini kama saa nne hivi. Nitafurahi nikikuta limefunguliwa.

D. R.


Coy Springs
8 Juni 1994

Bwana Rusk,

Mwanangu wamemtoa.

Alikuja nyumbani Ijumaa na begi lake la mazoezi, begi tupu. Akaketi mezani akasema, "Mama, daktari wa timu kasema goti limekwisha. Nimesaini." Limekwisha vipi? Jumanne tu alikuwa ananyanyua vyuma! Akasema chuo kitamsomesha mpaka amalize, hakuna kilichopotea. Hakuna kilichopotea! Amekaa benchi miaka mitatu akisubiri mwaka mmoja, na huo mwaka ndio wameuchukua.

Nitakwambia kitu na unisamehe. Nikadhani ni mimi. Nikadhani labda ile barua niliyokuandikia imefika mahali. Nikamwuliza, "Kuna mtu kamwonyesha kocha barua?" Akanitazama muda mrefu, Bwana Rusk, mpaka nikaogopa. Kisha akasema, "Barua gani, mama? Nilimwambia daktari mwenyewe. Aliniuliza kama nimewahi kuumia, nikajibu."

Yeye mwenyewe! Kwa mdomo wake! Baada ya kuniapisha mimi! Nilimwambia maneno ambayo mama hapaswi kumwambia mtoto. Nilimwambia kichwa chake ndicho friji, kikubwa na ndani baridi tupu. Alikula, akaosha sahani yake, akaenda kulala. Na mimi nilikuwa nimekuwazia wewe vibaya. Mungu anisamehe.

Sikiliza, bado kuna njia. Kuna chuo kidogo Tennessee, Lamkin. Ukihamia chuo cha daraja la chini unacheza mwaka huohuo, hakuna kusubiri. Kocha wao, Prewitt, nimezungumza naye kwa simu. Anataka walinzi kama mtu anavyotaka maji. Lakini hana mtu wa kumtuma huku kumtazama Roydell, na Tombeck hawatampa karatasi za daktari. Ameniambia wazi: "Mama, mimi hungoja kijitabu cha Rusk. Rusk hampendelei mtu. Akisema kijana ni mzima, namchukua."

Kwa hiyo nusu ukurasa siutaki tena. Nataka mstari mmoja tu. Andika kwamba Roydell Crutcher ni mzima na anatafuta mahali pa kucheza. Basi.

Ouida


Tombeck
12 Juni 1994

Bi Ouida,

Habari imeniuma kuliko ninavyoweza kuandika, na mimi kuandika ndiyo kazi yangu.

Usimlaumu sana Roydell. Vijana wakiulizwa na mtu mwenye koti jeupe hujibu.

Kijitabu kinakwenda kwa mpiga chapa tarehe ishirini. Nimekusikia. Nitaandika ukweli.

Dabney Rusk


Idara ya Michezo, Tombeck
15 Juni 1994

Dabney,

Umeniuliza kama unaweza kuandika kwamba Crutcher "ameondoka" tu, bila zaidi. Huwezi.

Fikiri kidogo. Nimetia saini kwamba kijana hawezi kucheza tena. Wewe ukiandika ni mzima, na Septemba akaonekana Tennessee anawasukuma watu kama matoroli, wakubwa wa ligi watataka kujua Tombeck kuna daktari wa namna gani. Wakianza kwa huyu wataendelea kwa mgongo na kwa kichwa. Mimi na wewe tutakuwa tunauza viatu.

Andika goti limekwisha. Andika kwa huruma, unajua kuandika kwa huruma ukitaka. Umekuwa getini kwangu wiki tatu, umekula chakula cha mchana na makocha wangu, orodha unayo, Dunleavy umempima kwa macho yako kabla ya mtu yeyote wa Birmingham. Kijitabu chako mwaka huu ni bora kuliko vyote ulivyowahi kutoa, na unajua hivyo. Tena wanatafuta mtu wa kukaa kwenye kibanda cha redio siku za mechi. Nilitaja jina lako.

Ile barua ya mama siwezi kukurudishia. Ipo kwenye faili la kijana.

Gaither


Chuo cha Lamkin, Tennessee
11 Julai 1994

Mpendwa Bi Crutcher,

Nasikitika kukuandikia hivi. Nilikuwa nimemwekea Roydell kitanda na jezi, nikingoja tu. Kijitabu cha Bwana Rusk kimefika leo. Ukurasa wa kumi na tisa kinasema: "Crutcher, R. Kijana jasiri kuliko mwili wake. Alicheza Novemba nzima kwenye goti lililokwisha bila kumwambia mtu, na sasa goti limedai chake. Hatacheza tena, hapa wala kwingine. Tumpigie makofi, tumwache apumzike."

Nimekuwa nikisoma kijitabu hicho miaka kumi na minne, na hajawahi kuniongopea juu ya mlinzi hata mmoja. Nikimchukua kijana, nikamvunja, sitaweza kukutazama usoni.

Nafasi nimempa mwingine. Mwombee Roydell heri kwa niaba yangu.

Alvin Prewitt, Kocha


Coy Springs
14 Julai 1994

Bwana Rusk,

Nilikinunua kituo cha mafuta kabla ya barua ya Kocha Prewitt kufika. Nilianza mwanzo, kama ninavyofanya kila mwaka. Ulichoandika juu ya mpiga teke, kwamba milingoti ya goli imeomba ihamishwe kwa usalama wake, nilikicheka peke yangu garini. Juu ya Dunleavy umeandika ukurasa mzima, nikasoma wote. Kisha nikafika kumi na tisa.

Niliendesha mpaka nyumbani. Sijui niliendeshaje.

Nimekaa siku mbili nikitafuta jinsi ya kukuandikia. Kila nikishika kalamu nakutukana, na kila nikikutukana nakumbuka kwamba ni wewe peke yako uliyenijibu. Makocha hawajanijibu. Daktari wa timu hajanijibu. Wewe ulinijibu mara mbili, na ulisema utaandika ukweli. Basi nimefikia hapa: walikudanganya. Moody alikuwekea karatasi ya daktari mbele, ina mhuri, na mtu mwenye akili atafanya nini mbele ya mhuri? Ukaandika kilichoandikwa. Na ulilainisha. Neno "jasiri" ni lako, Moody halijui.

Niambie kama nimekosea.

Prewitt amempa mtu mwingine nafasi. Nilimwambia Roydell wakati anafua nguo zake. Akasema, "Sawa, mama." Nikamwambia, "Ungefunga mdomo wako siku ile ungekuwa Tennessee wiki ijayo." Akasema, "Ndiyo, mama." Sijawahi kuona mtu mkubwa hivyo akiwa mdogo hivyo. Lakini nitamwambia nini kingine? Ni yeye aliyesema.

Ouida


Tombeck
19 Julai 1994

Bi Ouida,

Hujakosea. Kulikuwa na mhuri.

Ningependa iwe vingine.

Dabney Rusk


Bweni la Hadley, Tombeck
4 Septemba 1994

Bwana Rusk,

Mimi ni Roydell Crutcher. Jana usiku nilikusikia redioni wakirudia mechi, unachekesha kuliko kwenye karatasi.

Nitakuandikia mara moja tu, kwa hiyo soma vizuri.

Tarehe mbili Juni Kocha Moody aliniita ofisini. Mezani kulikuwa na fomu, na juu ya fomu barua ya mama. Mwandiko wa mama naujua tangu sijaanza shule. Chini yake kulikuwa na bahasha yenye jina lako na anwani yako. Kocha akasema, "Mama yako mwenyewe." Nikamwambia goti ni zima, nipime hapa hapa, nikimbize mpaka jioni. Akasema hahitaji, ushahidi anao. Nikamwambia sisaini. Akasema sawa, barua itasomwa mbele ya kamati na mama ataitwa aje athibitishe kwamba ndiye aliyeiandika. Nikamwona akilini mama yangu na lile gauni lake la bluu la kanisani, amesimama mbele ya wanaume saba wanamwuliza habari ya karatasi ya kahawia na siki. Nikasaini.

Mama nilimwambia nilijisema mwenyewe kwa daktari. Ameamini. Ananiita mjinga tangu Juni, kwa simu na kwa barua, na mara moja mbele ya mchungaji. Hilo naliweza. Lile lingine yeye asingeliweza. Namjua.

Wamenipa kazi ya kubeba maji pembeni mwa uwanja. Jana nilimpa Dunleavy chupa mara kumi na moja. Ni mtu mzuri, kila mara anasema asante. Robo ya tatu alipitwa upande wa ndani, Yancey akaangushwa, na mimi nilikuwa nimeshaona kabla mpira haujaguswa kwamba yule wa upande wa pili angeingia pale. Mechi ilipokwisha na watu wakaondoka, nilipanda ngazi zote za uwanja kwa mbio, nikashuka, nikapanda tena. Goti halina kitu, Bwana Rusk. Nilitaka mtu mmoja duniani alijue hilo kwa hakika, na nimeona uwe wewe.

Sasa sikia. Mama anakupenda. Amezifunga barua zako kwa utepe na amewaonyesha wanawake wa kanisani. Ameniambia ataendelea kukuandikia, na najua ataandika, maana baada ya baba kufa hajapata mtu wa kuzungumza naye mpira. Akiandika, mjibu. Kila barua. Mchekeshe kama ulivyozoea. Ukinyamaza ataanza kujiuliza kwa nini, na akianza kujiuliza atafika.

Na usimwombe msamaha. Najua mtu kama wewe kuna siku atataka kulala vizuri. Ukimwomba msamaha itabidi umweleze ni wa nini, na hapo utakuwa umemwambia kwamba ni yeye. Vumilia. Mimi navumilia.

Usinijibu.

R. Crutcher


Coy Springs
8 Mei 1995

Bwana Rusk mpendwa,

Jumamosi Roydell amepata shahada yake! Nimevaa gauni la bluu, nimepiga kelele mpaka mkuu wa chuo akanitazama juu ya miwani. Ameajiriwa kufundisha hesabu shule ya sekondari, kule karibu na Mobile. Mpira hataki hata kuuangalia, nami simlazimishi. Mdomo wake nimemsamehe, na nimemwambia hivyo palepale mbele ya watu, kwamba nimemsamehe. Akanikumbatia akakaa hivyo muda mrefu. Watu wakaanza kupita kando yetu.

Barua yako ya Machi ilinichekesha wiki nzima. Kwa hiyo Yancey ameanza kuvaa miwani! Na Dunleavy amerudi Texas, na nafasi ya kushoto iko wazi tena. Basi niambie, Moody anamweka nani? Mimi ningemweka yule wa kutoka Selma, ila hukuniuliza.

Nina ombi. Kanisani kwetu kuna Dada Lutricia Maddox, ambaye mwanawe Quinton anaingia mwaka wa pili hapo kwenu, mdakaji, mwembamba, namba thelathini na moja. Mwaka jana hukumwandika kabisa, hata mstari. Amekuwa akilia. Jumapili tukiwa tunapangusa meza akanieleza kisa cha bega la Quinton, jinsi alivyocheza mechi tatu nalo limetoka na yeye mama mtu alikuwa akilirudisha kila Ijumaa kwa mkono wake, na kijana amemwapisha asimwambie mtu. Bwana Rusk, nilikumbuka lile bafu la hotelini. Nikamwambia, "Dada, usimwambie kocha, wala daktari, wala mtu yeyote hapa Coy Springs. Mwandikie Bwana Rusk. Yeye huwa anamtazama mtoto wa mtu, na jambo la mtu analitunza." Alikuwa anaogopa, kwa hiyo nimekaa naye jikoni kwangu mpaka akamaliza kukuandikia.

Ni kurasa nne. Nimeziweka humuhumu, ndani ya bahasha hii.

Ouida